Nyimbo Mia Moja Zisizosikika

Haya niliambiwa na Nangila mwenyewe, Desemba 2007, tukipukuchua mahindi.

Babake, mzee Makokha wa Bumula, alikuwa mgonjwa wa kulala tu. Kila siku alimuulizia Phelista, kitinda mimba wake, aliyekuwa masomoni ng'ambo. Kurudi hakuweza. Basi Phelista akajirekodi akiimba wimbo aliofundishwa na babake, akautuma kwa barua pepe.

Nangila, dadake mkubwa, alikaa Tuwan, mtaa wa Kitale. Akaenda saiba ya mjini, duka la intaneti, kuufungua na kuuweka kwenye CD.

"Nichome wimbo mmoja tu?" Kimutai, mwenye duka, akauliza.

"Diski nzima kwa wimbo mmoja? Jaza bana! Weka na za kanisa."

"Zikiwa nyingi hivyo nitachoma MP3. Redio yenu inasoma MP3?"

"Si ni redio ya CD? Itasoma CD!"

Kimutai akacheka, akachoma nyimbo mia moja.

Kule Bumula mzee aliinuliwa, akaegemezwa mito. Nangila akaweka diski. Ikazunguka, ikakwaruza, ikanyamaza. Akaipangusa kwa leso, akairudisha. Kimya.

"Ati Phelista amekataa kuniimbia?"

"Hapana, baba. Ni mashine."

"Mashine iliimba jana."

Nangila akatoka nje akilia. Jirani yao Jelimo, mwalimu wa kompyuta, akaitazama ile diski.

"Si mbovu," akasema. "Imechomwa kama faili za kompyuta, ndiyo maana zimeingia nyingi. Redio hii ni ya zamani. Inataka diski ichomwe kama audio, CD ya muziki ya kawaida. Hiyo haibebi zaidi ya dakika themanini. Na usitoke dukani kabla hujaijaribu."

"Nijaribu na nini, mwalimu?"

"Na redio kama hii."

"Basi nitaibeba hii."

Asubuhi akaifunga redio kwa leso, akaondoka kwenda Bungoma mjini. Mamake, Nasambu, akamwita kutoka mlangoni.

"Nangila, usikawie. Baba yako hana siku."

Kwenye saiba ya Bungoma walifungua tena barua ya Phelista, wakachoma ule wimbo peke yake, kama audio. Nangila akaijaribu diski palepale. Phelista akaimba mpaka watu wakageuka kwenye viti vyao. Nangila akarudi mbio.

Alipokaribia boma alisikia nduru.

Siku ya pili baada ya maziko, mchana, wageni walikuwa wamepungua. Nasambu hakuwa amelala tangu msiba.

"Weka sasa," akasema.

Wimbo ukacheza wote, bila kukwama.

"Ameimba vizuri," mama akasema. "Mzee angemkosoa pale mwisho. Anakimbia."

"Mama, Kimutai aliniuliza. Mimi ndiye nilimjibu bila kujua."

"Ungeniuliza mimi. Ungemuuliza Jelimo."

Mama akajilaza kwenye kochi, akasinzia, wimbo ukaisha.

Siku hizi Nangila hachomi diski kabla ya kujua itachezwa kwa mashine gani, na wimbo wa Phelista hajaufuta kwenye barua pepe. Lakini mchana ule alibonyeza tu wimbo uanze upya, akaupunguza sauti, akalala mkekani karibu na redio.