Nusu Iliyobisha Hodi

Zeituni aliitikia "karibu" kwa mazoea tu, na hapo ndipo alipoharibu. Mtu aliyelelewa Matungu haachi mgeni mlangoni. Alikuwa ameinamia kazi yake, mvua ya saa tisa alasiri inachapa mabati ya maabara, akasikia ngo, ngo, ngo, ngo, ngo. Akaitikia bila kuinua kichwa. Alipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa na nje hapakuwa na mtu. Hodi hiyo ilikuwa imetoka ndani ya friji.

Akaifungua. Ndani mlikuwa na kichupa kimoja kilicholetwa juzi, chembamba kama kidole cha mtoto, na harufu nzito ya maji ya kuoshea mchele.

"Hiyo hainukangi," alisema Philip, mkuu wake, alipoitwa. "Ni nusu tu ya sumu ya kipindupindu, Zeituni. Vipande vitano vimeshikana kama pete. Vinabishanga mlango wa seli, basi. Mwenye kuua, anayemkausha mtu maji yote mwilini, ni kipande cha sita, na huyo walimtoa hukohuko kiwandani ndio sisi tufanye utafiti kwa usalama."

"Kwa hiyo wametenganishwa?"

"Unaongea kama ni bwana na bibi. Hebu nenda nyumbani ulale."

Akaenda, na harufu ikaenda naye. Siku hiyo nyumbani kwake Lurambi hakuna aliyepika mchele, walikula obusuma, ugali wa kwao, na mboga, lakini ilinuka kwenye sufuria, ikanuka kwenye shuka, ikanuka hata kwenye nywele za Abdulmalik, mwanawe wa miaka minne, mtoto pekee aliyempata baada ya miaka saba ya kuitwa mgumba na mawifi. Mtoto alikuwa amejibanza mwisho wa benchi, kama anayempisha mtu, akinong'ona.

"Unaongea na nani, baba?"

"Mgeni. Si wewe ulimkaribisha?"

Zeituni alimnyakua kutoka kwenye benchi. Alimwogopea mtoto, hakujiogopea mwenyewe hata kidogo.

Kesho yake, baada ya alasiri, alifika ami yake Swaleh kutoka Matungu, anayesomea watu wenye majini. Hakutaka hata chai. Aliwasha ubani, akasoma weee, na kadiri alivyosoma ndivyo kuta zilivyobishwa, tano upande huu, tano upande ule, tano chini ya kitanda, tano kwenye benchi palepale alipokaa mtoto, mpaka mzee akanyamaza na kufuta jasho.

"Nani alimwambia karibu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, ami."

"Basi mtoe wewe. Mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mtu."

Zeituni alimbeba mwanawe akamkumbatia kwa nguvu, akasimama katikati ya chumba, akamwambia yule asiyeonekana kwamba nyumba hii haina nafasi yake, kwamba alimwitikia bila kumjua, kwamba amsamehe kama amemkosea lakini aondoke, aondoke sasa hivi, asimguse mtoto, na alipofika hapo machozi yalikuwa yanamtoka na mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, kama unavyofunguliwa na mtu mwenye adabu zake.

Harufu ikatoka. Chumba kikabaki na ubani peke yake. Mzee Swaleh akashusha pumzi, akasema sasa hiyo chai angeinywa, na Zeituni akacheka huku analia, akamweka mtoto chini.

Abdulmalik alikwenda kusimama dirishani.

"Hajakasirika," alisema. "Ameenda kumleta mwenzake."

Wakubwa wakatazamana. Mtoto akaenda kwenye jagi, akamimina maji, akanywa kikombe kizima. Akamimina tena. Akanywa mpaka jagi likaisha, kisha akamletea mama yake kikombe kitupu.

Zeituni akamshika shavu. Lilikuwa baridi, na macho yalikuwa yameanza kuingia ndani.

"Mama," alisema Abdulmalik, "bado nina kiu."