Jicho Lililoizoea Kamera

Mpiga picha alikuwa na macho mabovu, na hakuona haya kusema. Kila asubuhi alivua miwani, akabandika jicho kwenye kitundu cha kamera, akazungusha kigurudumu cha pembeni, cha kulinganisha lenzi na jicho lake, mpaka maandishi ya ndani yakasomeka. Basi, siku nzima hana wasiwasi.

Wiki ile, kila akifungua studio alikuta kigurudumu kimezungushwa hadi mwisho. Ufunguo alikuwa nao peke yake.

"Kimelegea tu," alimwambia mdogo wake, mpokea wateja.

Alhamisi mama yao alikuja kupigwa picha ya pasipoti. Mpiga picha akasahau kurekebisha. Alipochungulia, mama alikuwa ukungu mtupu, lakini nyuma ya kiti alisimama mtu mrefu, yu wazi hata vinyweleo vya shingoni, na pale penye macho pana ngozi tupu.

Akainua uso. Hapakuwa na mtu. Akachungulia tena, harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani, akamwona yule mtu anainama polepole, anapapasa bega la mama, shingo, shavu, kama kipofu atafutaye kitasa, hadi vidole vyake virefu vikatua juu ya kope za bibi wa watu aliyekuwa akitabasamu bila kujua lolote.

"Mama, usitikisike," alinong'ona.

"Nimetulia, binti yangu. Ila nani kazima taa?"

Taa zote zilikuwa zinawaka.

Mganga aliitwa alasiri ileile. Aliuliza asili ya kamera. Akaambiwa ilinunuliwa kwa mjane wa mpiga picha mwingine.

"Si mumewe huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Ameizoea kamera, anachotaka ni macho tu."

Alisoma dua mpaka sauti ikakauka. Mama akapepesa macho, akalia, akasema anawaona wanawe. Mganga akaifunga kamera kwa kitambaa, akaondoka nayo.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ya mpiga picha ikaita.

"Mwanangu," sauti ya mganga ilitetemeka, "nimeamka sioni. Nipo kitandani, sijatoka. Akija mtu hapo mwenye sura yangu, msimfungulie."

Kabla hajajibu, alimsikia mdogo wake mapokezi, mchangamfu kama kawaida yake:

"Ah, mganga! Karibu, karibu. Dada yupo ndani, pita tu."