Nati ya Upande wa Kulia

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kabla ya kupambazuka. Mama alikuwa akimchemshia chai mwanawe mkubwa, aliyetoka mara moja kujaza mafuta ili arudi amchukue, wakaishi pamoja mjini kwake. Aliyebisha hodi ni askari. Gari lilikuwa limepinduka mteremkoni. Kijana amekufa.

Kufikia mchana fundi wa gari hilo alikuwa mahabusu, kwa kuwa ndiye aliyepima alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu, jana yake. Mpelelezi, mwanamke wa makamo, alimkuta amejiinamia.

"Mama wa marehemu amekula?" fundi aliuliza kwanza.

"Jitetee wewe kwanza, fundi."

"Naufunga usukani ukiwa umenyooka, narekebisha tairodi zote mbili, nakaza nati, napiga mstari wa rangi nyeupe juu yake, ikifunguliwa ionekane. Kaangalie."

Mpelelezi alilala chali chini ya gari. Kushoto, mstari ulikuwa mzima. Kulia, tairodi, kile chuma kinachogeuza gurudumu, ilikuwa imechomoka. Nati imelegea, rangi imekatika. Kuna mtu aliifungua baada ya fundi.

Alirudi kwa mama, akavua viatu mlangoni. Mabegi yalikuwa bado sebuleni. Mwana mdogo, aliyemtunza mama miaka yote, alimkandakanda miguu.

"Mama, gari lilitokaje gereji?"

"Limenyooka, mwanangu. Marehemu aliachia usukani akapiga makofi kunichekesha. Nikamgombeza! Akaliegesha hapo uani."

"Lilikuwa linavuta kulia," mdogo alidakia. "Fundi yule kanjanja tu."

"Uliliendesha lini?"

"Mimi? Sijaligusa."

"Basi umejuaje linavuta? Tangu liegeshwe, aliyeliendesha ni marehemu peke yake. Magurudumu ni kama nyayo, kaka: ukirefusha chuma upande mmoja, unyayo mmoja unageuka. Wewe ulikirefusha. Nati hukuikaza."

Mikono ya mdogo ilisimama juu ya miguu ya mama.

"Nilitaka limsumbue tu," alisema. "Safari ivunjike. Angemchukua mama, mimi ningebaki na nani?"

"Na mama angekuwemo humo ndani," mpelelezi alisema.

Mama hakulia. Alimfunga mwanawe vifungo vya shati kimoja kimoja, mpaka shingoni, kisha akamwachia askari aliyekuja na mpelelezi amchukue.

Mpelelezi alimmiminia mama chai, akamshikisha kikombe. Jioni fundi aliachiliwa, akapita kumpa pole.

"Mwanangu," mama alimwita mpelelezi aliyekuwa akivaa viatu. "Kesi ikiisha, utakuja tena kunitazama?"