Jiwe la Mzee Amuri

Simenti ilibanduka tena. Mara ya tatu hiyo, na Swedi, mwashi anayesifiwa Rumonge nzima, alichuchumaa pale pa kutawadhia akaona herufi zinachomoza kwenye jiwe, mbichi, zinanuka udi na tope la ziwa.

Ziwa lilipopanda na kuanza kumega makaburi, watu wa mtaa walimwamini yeye ayahamishe mawe. Akayahamisha yote, kasoro moja zuri la nakshi, la kaburi la Mzee Amuri. Hilo alilipeleka kwake, akalipiga plasta, likawa la kusimamia mtu akiosha miguu. Hamidou, rafiki yake tangu utotoni, alipokuja kuuliza, jamani, alimjibu bila kupepesa macho:

"Jiwe ya baba yako ziwa imeshaibeba, ndugu yangu. Pole sana."

Hamidou akalia. Swedi akamshika bega!

Sasa mkewe Kabibi hasimami. Miguu ilikufa ganzi siku alipotawadha pale, na kila adhuhuri, jua likiwaka, chini ya jiwe kunagongwa, ko, ko, ko, mlio wa patasi kabisa, na Kabibi hutetemeka kitandani akisema kwa sauti nene isiyo yake, "Unanikanyaga usoni, unanikanyaga usoni," mpaka povu limtoke.

Maalim Waziri alisoma, akafukiza, akaliona jina kwenye jiwe, akamvuta Swedi pembeni.

"Iko jini, mulinzi wa ile kaburi," alinong'ona. "Hata Misri ya zamani walivunja mahekalu, yale mawe ya sura wakajengea kuta, sura wakazigeuza ndani. Unafikiri zilifumba macho? Ungama kwa Hamidou mbele ya watu. Itatoka."

"Maalim, nitaficha wapi uso?"

"Na Kabibi je?"

 Alfajiri Swedi alilirudisha jiwe makaburini kimyakimya, akasema ziwa limelitema. Watu wakamshukuru Mungu. Kabibi alibaki kitandani.

Ijumaa msikiti ulijaa, na Hamidou alisimama safu ya nyuma yake. Waliposujudu, Swedi alisikia nyayo zinamchoma, zinachimbwa, ko, ko, ko, herufi kwa herufi, akauma midomo asipige kelele, na nyuma yake Hamidou akakata sala:

"Swedi... mbona jina ya baba iko kwenye miguu yako?"

Imamu alitoa takbira. Safu zote ziliinuka. Swedi alitaka kuinuka, akimbie, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alibaki paji chini, nyayo nje, na watu wakaanza kusoma.