Glavu ya Mwisho

Kilichoanza ni harufu. Harufu ya ngozi iliyoungua, saa nane mchana, ndani ya nyumba ambamo ngozi pekee ilikuwa ya wenyeji wake wawili.

"Unaunguza nini huko?" mke aliuliza kutoka sebuleni, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani.

"Mimi? Labda majirani," mumewe alijibu bila kuondoa macho kwenye kompyuta.

Mkewe alimwita Bingwa, nusu mapenzi nusu kijembe. Tangu apunguzwe kazi, Bingwa alishinda chumbani, pazia limefungwa, akicheza mchezo wa mashujaa na mazimwi. Mazimwi yenyewe hakuwa na haja nayo. Alichotaka ni kupanda ngazi za ufundi: anashona glavu ya ngozi, anaitia uchawi, anaitupa, anashona nyingine. Glavu mia mbili kwa siku, zote za hewani, huku mkewe akishona nguo za kweli na kulisha nyumba. Bingwa aliona aibu, lakini aibu nayo huzoeleka kama kiatu kinachobana.

Kutia uchawi kulihitaji jiwe lenye roho ndani yake, na mawe yalikuwa yamemwishia. Siku ile ya harufu, swali lilitokea kwenye skrini, kwa Kiingereza kama kawaida ya mchezo: *Ujaze jiwe kwa ustadi wa aliye karibu?* Mtu aliyezoea kubonyeza mara elfu hasomi. Bingwa alibonyeza *Ndiyo*, jiwe likajaa, naye akapanda hadi ngazi ya tisini.

Kesho yake mkewe alishona kola juu chini. Akacheka mwenyewe. "Uzee huo unabisha hodi!" Keshokutwa yake zipu ikamshinda. Siku ya tano alipima kiuno cha mteja mara nne na kupata vipimo vinne. Kila mara, chumbani, Bingwa alikuwa amebonyeza *Ndiyo* tena na kupanda ngazi.

Ijumaa alisikia cherehani, tak-tak-tak, akafurahi kwamba mkewe amepona. Alipochungulia sebuleni, mkewe alikuwa amekaa sakafuni, gauni la harusi ya mpwa wake limetandazwa mapajani, mkasi mkononi, analia kimya kimya. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mlio ulitoka ndani ya kompyuta.

"Harusi ni keshokutwa," mke alinong'ona. "Sijui pa kuanzia. Nimekuwa nini mimi?"

Bingwa alirudi chumbani. Ngazi ya tisini na tisa. Swali lilikuwa likimngoja, na sasa alilisoma, neno kwa neno, kwa Kiswahili, katika mchezo ambao haukuwahi kuandika hata neno moja la Kiswahili: *Ujaze jiwe kwa ustadi wa mkeo?* Alijua. Alielewa kila kitu, kola na zipu na kiuno, na harufu ilikuwa imemjaa puani, na nyuma ya shingo yake kitu kilikuwa kinapumua polepole kama mtu anayesoma begani kwa mwenzake, na kilio cha mkewe kilipita chini ya mlango, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya *Hapana*, kabisa juu ya *Hapana*, ila ilibaki glavu moja tu, ngazi moja tu ili zitimie mia, na maishani mwake hakuwahi kutimiza kitu chochote.

Alibonyeza *Ndiyo*.

"Asante, Bingwa," kitu kile kilisema, kwa sauti ya mkewe. "Ustadi huu wa mwisho umenipa mwenyewe."

Shemeji yake, kaka wa mkewe aliyesikia masaibu ya dada yake, ndiye aliyemleta mganga asubuhi, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Alinusa chumba, akagusa kompyuta, akaguna.

"Jini huyu hupitia mkono wa mtu," alisema. "Alichokichukua kwa hila nitamtapisha. Alichopewa na mtu anayejua hakirudi mpaka mtu huyo akiri. Baba, ulijua?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba, akimtazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomfunga mdomo.

"Sikujua."

"Nakuuliza tena. Ulijua?"

"Naapa sikujua."

Mganga alimtazama kidogo, kisha akasoma maneno yake. Kompyuta ilikohoa kama mzee, skrini ikazimika, harufu ikatoka dirishani. Kufikia adhuhuri cherehani ilikuwa inalia tena, na mke alikuwa akiimba. Jioni gauni lilikuwa limekamilika, ila vifungo.

"Bingwa, hebu njoo," aliita, anacheka kwa wasiwasi. "Tundu la kifungo linashonwaje vile? Nimejaribu tangu saa tisa. Shika sindano kidogo, nifikiri."

Bingwa, ambaye hakuwahi kushona hata soksi, alishika sindano. Vidole vyake vikaanza. Vilichoma, vikazungusha uzi, vikakaza, mishono midogo imelingana, hadi tundu likakamilika, zuri kuliko yote aliyowahi kushona mkewe.

Mkewe aliacha kucheka. Alilitazama tundu, akavitazama vidole, akamtazama usoni.

"Mganga alikuuliza mara mbili," alisema polepole.

Bingwa alitaka kujibu. Alitaka pia kuiweka sindano chini, lakini vidole vilikuwa vimeshaanza tundu la pili, na sebule ilikuwa inanuka ngozi iliyoungua.