Kahawa ya Celestina

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Evangelina alipofunga mkungu wa ndizi nyuma ya bodaboda, akaondoka Bugomora kwenda Nkwenda kumchukua mwanawe. Mkungu ule ulikuwa wa heshima tu. Kwa watu huendi mikono mitupu, hata kama umekwenda kugombana.

Joanitha, binti yake wa mwisho, alikuwa ameaga kwamba anakwenda kugawa sahani katika Ukumbi wa Upepo, mahali ambapo watu hula huku wakitazama sarakasi. Baadaye majirani wakaleta habari nyingine. Eti Joanitha hagawi sahani. Anajikunja na kuingia kwenye kikapu cha maharage, kichwa, miguu na vyote. Evangelina alicheka. Mtoto aliyekuwa akipalilia tuta moja tu analalamika kiuno!

Kisha alasiri ya siku hiyo simu ikaita.

"Mama... njoo unichukue. Siwezi kutoka mwenyewe."

"Wamekufungia?"

"Hapana. Nilikula kahawa yao..."

Simu ikakatika.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la kahawa. Harufu ilimpokea Evangelina kabla ya mtu. Mafuta yaliyokaangiwa senene hadi yakawa meusi. Rubisi, pombe ya ndizi, iliyochacha. Jasho. Na chini ya hayo yote kitu kingine, kitamukitamu, kama nepi iliyosahauliwa kwenye beseni. Akaziba pua kwa kanga.

Kwenye mlango wa nyuma, mwanamke mmoja mnene alikuwa akisugua masufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lakini bibi ni mamako, mimi bado naposwa." Huyo alikuwa Mwajabu, mwosha vyombo, mtu wa asili ya Tanga. Akamtazama vizuri, tabasamu likamfutika. "Wewe ndiye mama yake Joanitha. Mmefanana macho. Sikiliza. Watakuletea kahawa ya kutafuna. Usile."

"Nitaikataaje, na mimi ni mgeni?"

"Kama ninavyoikataa mimi. Nawaambia sisi kwetu kahawa tunakunywa, hatutafuni kama mbuzi. Wanacheka, wananiacha. Ndiyo maana bado nina magoti yangu."

Akaangalia huku na huku, akainama. Akanong'ona.

Zamani, alisema, Upepo kilikuwa kikundi cha minadani tu. Nestory alipiga ngoma, mkewe Celestina alitembea juu ya kamba. Siku moja, mnadani, kamba ikakatika. Mgongo wa Celestina ukavunjika kama muwa. Nestory akampeleka kwa mganga ng'ambo ya mto. Akarudi naye amembeba ndani ya gunia.

"Ndani ya gunia? Akiwa maiti?"

"Afadhali angekuwa maiti. Tangu hapo ndipo wakaanza kulisha watu. Anayekula kahawa ile anakuwa ndugu wa damu wa Celestina. Na ninyi wenyeji si mnasema ndugu wa damu hanyimwi kitu? Basi yeye anaomba mifupa. Mla chakula anaombwa kidogo, anarudi kwake akiumwa goti, hospitali hawaoni kitu. Wale wasichana wanaoruka..." Mwajabu akatema mate pembeni. "Wale wameombwa yote."

Evangelina alikuwa mtu wa kwaya, mtu wa maombi ya Jumatano. Hakuamini. Tena, tuseme ukweli, alitamani kuona.

Ndani meza zilijaa. Watu walikuwa wakila ndizi na mchemsho wa utumbo, mafuta yakiwachuruzika hadi kwenye viwiko, macho yote jukwaani. Huko kijana mmoja alikuwa akicheza akiwa amebeba kichwa chake kwapani. Shingo ilikuwa imevutika kama ute wa bamia. Watu wakapiga meza kwa vicheko.

Evangelina naye akacheka. Mungu amsamehe, alicheka.

Nestory akaja mezani, mzee nadhifu wa koti jeupe. Alileta kahawa kwenye kikapu kidogo, juu ya jani la mgomba.

"Karibu, mama. Ndizi zako nimeziona. Asante sana, waitu."

Akachukua tunda moja kavu, akalipasua. Buni mbili. Moja akaitia mdomoni mwake, akameza mbele ya watu wote. Ya pili akamnyooshea.

Hapo ndipo palipomshinda. Mwenyeji akikupa kahawa unaweza kusingizia jino. Lakini mwenyeji akiisha kuipasua na kula upande wake, ukikataa upande wako umemwita mchawi mbele za watu. Mzee mmoja akaacha kutafuna ili amtazame.

Evangelina akapokea.

Ilikuwa na chumvi. Ilikuwa ya moto, tena laini, kama jicho la mbuzi. Hakuitafuna.

Iliteremka yenyewe.

"Ahaa!" watu wakashangilia. Na papo hapo Joanitha akaletwa jukwaani ndani ya kikapu.

Walimmwaga. Ndivyo ilivyokuwa, walimmwaga kama uji mzito, akajikusanya, akainuka akiyumba. Akakunja mgongo nyuma mpaka uso ukatokea katikati ya vifundo vya miguu yake. Watu wakashangilia huku wakilamba vidole. Uso ule, juu chini, ukamtafuta mama.

Midomo ikasema bila sauti, "Mama."

Evangelina hakukumbuka alivyoinuka. Alijikuta nyuma ya pazia, na ile harufu ya nepi ikamjaa kooni.

Kulikuwa na mtumbwi wa kukamulia rubisi, ule wa mti mzima. Umejazwa nyasi, kama kwenye kila boma wakikamua ndizi. Lakini juu ya nyasi hakukuwa na ndizi.

Kulikuwa na ngozi.

Ngozi ya mtu, pana, nyeupenyeupe, imelala kama unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Hapa palituna goti, pale kiwiko, vya ukubwa tofauti, vikielea ndani yake kama nyama kwenye mchuzi. Kitovu kilikuwa wazi, kikichuruzika. Msichana mmoja aliyepiga magoti alikuwa akichovya buni humo, moja moja, akizipanga juani... hapana, jua lilikuwa limezama, akizipanga karibu na jiko.

Katikati ya ngozi, macho mawili yakafumbuka.

"Dada," ikanong'ona. "Umeshakula."

Evangelina akatapika palepale. Yalitoka maji, ikatoka chai ya mchana. Buni haikutoka.

"Usione kinyaa. Damu yako ndiyo hii. Niombe radhi kwa kunitapikia."

Ni hilo neno damu lililomrudishia akili. Alifuta mdomo. Marehemu bibi yake alikuwa na ndugu wa kahawa, aliyegawana naye buni yenye damu. Sheria zake alizijua.

"Ni kweli," alisema. "Nimekula. Mimi ni ndugu yako. Na ndugu hanyimi ndugu. Basi na mimi naomba. Nipe Joanitha na mifupa yake yote."

Msichana pale jikoni akaangusha buni.

Mtumbwi mzima ukatikisika. Lile jitu lilikuwa linacheka, mawimbi yakienda na kurudi chini ya ngozi.

"Miaka yote hii... hakuna aliyeniomba. Mchukue. Lakini undugu una zamu, dada. Mimi nami nitaomba."

"Omba!" Evangelina alisema kwa haraka, maana alikuwa ameshamsikia mwanawe akilia nyuma ya pazia, kilio cha mtu anayerudishiwa mgongo.

"Mikono," ikasema. "Siku nyingi sijashika kitu."

Walitoka kwa mlango wa Mwajabu. Joanitha alitembea mwenyewe, akiumwa kila kiungo, na kwa kila maumivu akimshukuru Mungu.

Nyumbani mchungaji aliwaombea. Siku za kwanza hakukuwa na kitu. Kisha asubuhi moja Evangelina akiwa anamenya ndizi, kisu kikadondoka. Akakitazama kidole gumba. Kilikuwa kimelala juu ya kiganja kama ganda. Akakipuliza. Kikapepea.

Hakikuuma. Hilo ndilo lililomchukiza.

Mpaka mwisho wa juma Joanitha alikuwa akimlisha mama yake kwa kijiko. Alikuwa binti mwema, mzima, mgongo umenyooka. Na hakuuliza.

Jumamosi jioni jirani yao Agnetha akaingia akiwa amependeza.

"Hamjambo humu! Mwenzenu jana nilikuwa Nkwenda, pale Upepo. Weee! Kuna mchezo mpya. Mwenyewe humwoni, mikono tu inatoka kwenye pazia inamenya ndizi, mkungu mzima, fya, fya, fya! Tena inamenya kama wewe, mama Joanitha, inaanzia mkiani." Akafungua mkoba. "Na wamekutumia hii. Wamesema dada yako anakusalimu."

Kifurushi kidogo cha jani la mgomba.

Joanitha alikinyakua kabla hakijafika mezani, akakitupa jikoni katikati ya moto. Buni zikapasuka. Zikaanza kutoa mafuta, chrr, chrr, na harufu ya nyama ikapanda mpaka darini.

"Maawe!" Agnetha alisema, akiziba pua. "Kahawa gani hiyo?"

Joanitha alikimbilia nje kutapika.

Evangelina hakutapika. Aligeuza uso ukutani, ili mtu yeyote asimwone anavyomeza mate.