Barabarani Hakuna Ngoma

Kitwana wa Dunda, mjini Bagamoyo, alikuwa na kazi zake za kila siku. Alfajiri alifagia ua, akamchotea mama yake maji kisimani, kisha akaenda shule. Adhuhuri alirudi kula, akaenda chuoni kusoma Kurani. Lakini moyo wake ulikuwa ukingoja alasiri tu, kwa sababu alasiri ndipo Fundi Mwinyijuma, seremala wa milango, alipoweka randa chini na kuwafundisha watoto kirumbizi uani kwake.

Kirumbizi ni mchezo wa fimbo. Ngoma inalia, zumari linajibu, na wawili wanaingia uwanjani na bakora zao. Huinamiana kwanza, wakagonga fimbo kwa heshima, kisha mmoja anapiga na mwenzake anakinga, kwa kufuata ngoma, mpaka mmoja azidiwe. Kitwana alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini wallahi alijua kukinga! Waliomzidi kimo walitoka uwanjani wakijipangusa jasho. Basi sifa zikampanda kichwani, na kichwa cha umri ule hakina nafasi kubwa.

Miaka ile, vita vikubwa vilikuwa vimekwisha karibuni, na askari waliopelekwa kupigana Bama, huko Asia, walikuwa wamekwisha kurudi. Kule ufukoni palikuwa na mashimo ya makumbi, ambamo maganda ya nazi hufukiwa topeni mpaka yaoze, kisha wanawake huyafukua na kuyaponda kupata usumba wa kusokotea kamba. Hapo ndipo alipokaa kijana mmoja, Bwanausi, mwenye miaka kumi na mitano na mwili wa mchukuzi, pamoja na rafiki yake asiyebanduka ubavuni mwake. Mtoto akipita peke yake walimnyang'anya alicho nacho: kashata, mpira wa matambara, hata kofia ya kichwani.

Shuleni kila mtu alikuwa na dawa ya Bwanausi. Mmoja alisema, "Mpige ngumi ya pua, machozi yatamtoka, hataona." Mwingine akasema, "Mtazame machoni bila kupepesa, ataogopa." Hata Kibwana, askari mmoja aliyerudi kutoka Bama, aliwaonyesha watoto jinsi ya kumkaba mtu shingo kwa mkono mmoja. Huyo alikuwa mpishi huko jeshini, na shingo alizozikaba zote zilikuwa za kuku, lakini nani angethubutu kumwuliza?

"Mimi sina haja ya hayo yote," alisema Kitwana. "Mimi nina fimbo."

Alasiri moja alimwuliza fundi wake, "Fundi, mtu akinijia njiani, nianze na lile pigo la kuzungusha?"

Fundi Mwinyijuma alikuwa akichagua msumari. "Ngoma atapiga nani?" akauliza.

Watoto wakacheka. Kitwana naye akacheka, akidhani fundi anafanya mzaha.

Basi ikawa mjomba wake Kitwana, Haji, anaoa Ijumaa. Mama yake Kitwana, Bi Mwanamkasi, alikuwa akimshonea ndugu yake kofia ya viua tangu mwezi wa Mfungo Sita, kitobo kwa kitobo, mpaka vidole vikaota sugu. Kofia ilipokwisha ilipelekwa kwa dobi, aifue, aitie wanga na kuikausha juu ya chungu ili ikae umbo lake. Jumatano alasiri, Bi Mwanamkasi akamwita Kitwana na dada yake mdogo, Tabia.

"Nendeni mkaichukue kofia ya mjomba wenu. Mrudi kwa mtaa wa maduka. Kule makumbini msipite, mmenisikia?"

"Tumesikia, mama."

Kusikia walisikia. Lakini walipoipokea kofia kwa dobi, imefungwa vizuri ndani ya kitambaa cheupe, Kitwana akashika njia ya ufukoni. Bakora ilikuwa kwapani.

"Kaka, mama kasema tusipite huku," Tabia akamkumbusha.

"Unamwogopa nani nawe uko na mimi?"

Bwanausi alikuwa amekaa juu ya gogo la mnazi. Alipoliona furushi akainuka, na rafiki yake akainuka. "Lete tuone hicho," akasema.

Kitwana akafanya alivyofundishwa. Akaliweka furushi chini, maana mcheza kirumbizi haingii uwanjani na mzigo. Akapiga hatua moja mbele, akainama, akagonga fimbo ardhini, akaiinua, akangoja mwenzake agonge.

"Huyu kaangusha nini?" Bwanausi akamwuliza rafiki yake.

Kisha akachota tope la makumbi akamvurumishia Kitwana usoni. Kitwana hakuona tena. Pigo la kuzungusha lilizunguka lenyewe na kupiga hewa. Bakora ikanyakuliwa mkononi mwake, na mara bakora hiyohiyo ikamshukia juu ya jicho. Akaanguka chali. Rafiki yake Bwanausi akalidaka furushi.

Tabia hakujua kirumbizi. Alijua kupiga ukelele, na aliupiga ule wa kuamsha mtaa. "Bi Mwaija weee! Wanamwua kaka yangu! Bi Mwaija!"

Bi Mwaija na wenzake walikuwa upande wa pili wa mashimo, wakiponda makumbi. Wakaja mbio, magongo mkononi, kanga zimefungwa kiunoni. Bwanausi na mwenzake hawakungoja kusalimiana. Walitimua mbio, bakora wakaitupa huku na furushi kule, na furushi likatumbukia shimoni, ndani ya lile tope jeusi linalonuka.

Kitwana alirudi nyumbani damu ikimchuruzika shavuni na kofia ya harusi ikidondosha tope. Tabia alimfuata nyuma na bakora. Mama yake alipowaona mlangoni alishika kichwa. Kitwana akampa kofia kwanza, akaanza kulia.

"Mama, nisamehe. Kofia yako..."

Bi Mwanamkasi aliiweka kando bila kuitazama. Akamshika mwanawe kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. Jeraha lilikuwa juu ya nyusi, upana wa kidole tu kutoka kwenye jicho.

"Kofia nitaifua," akasema, machozi yakimdondoka. "Jicho je, Kitwana? Jicho ningelifua kwa sabuni gani?"

Maneno hayo yalimwuma kuliko bakora.

Jioni ile mama alimfunga Kitwana jeraha kwa bendeji, kisha akaisugua kofia kwa limau na chumvi, akaisuuza, akairudia tena, na asubuhi akampelekea dobi, akimwomba kwa jina la Mungu aitie wanga upya. Dobi alitazama doa lililobaki kwenye ukingo wa ndani, akaguna, akasema mtoto aje kuichukua alasiri.

Kitwana aliposikia kwamba ni yeye tena atakayekwenda, alikimbilia kwa Fundi Mwinyijuma, na Tabia akamfuata nyuma.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Loo! Naona ngoma ilikosa mpigaji."

Kitwana akainamisha kichwa. "Fundi, pigo lilikuwa sawa. Yeye ndiye hakugonga fimbo kwanza."

"Na hatagonga. Kwani umemwona katika kikao chetu? Uwanjani mwenzako ni mwenzako, anataka mchezo uwe mzuri. Njiani mtu hataki mchezo, anataka kitu chako."

"Wewe umepigana njiani mara ngapi, Fundi?"

"Mara moja, Pangani, nilipokuwa kijana. Walikuwa watatu na kisu chao."

Macho ya Kitwana yakawaka. "Ukafanyaje?"

"Nikakimbia. Kiatu kimoja kilinivuka mguuni, nikawaachia. Kama bado wanacho, wavae."

Tabia alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda. Kitwana hakucheka. Fundi wake, bingwa wa fimbo pwani nzima, alikimbia! Mwinyijuma akamwona, akamvuta karibu, akamkalisha juu ya ubao.

"Sikiliza. Wewe tembea macho mbele, upite penye watu. Ukimwona kwa mbali, geuka mapema, usingoje akufikie. Na ukipaza sauti, usilie tu aa, aa. Taja jina lake, na jina la mama yake. Bagamoyo hapa hakuna mtoto asiye na mwenyewe. Mnyang'anyi asiye na jina ana nguvu za simba. Mtaje, uone atakavyonywea."

"Na akinikamata mkono?"

"Nishike."

Kitwana akamshika kifundo cha mkono. Mwinyijuma akauzungusha mkono kuelekea upande wa dole gumba la Kitwana, akauvuta ghafla, ukachomoka. "Dole gumba ndilo mlango wa ngumi. Toka hapo, kisha miguu niponye. Usirudi kumwongeza kofi, usingoje kusifiwa. Na wakikuzidi, wape kofia. Umenielewa? Mama yako kofia nyingine atashona."

Wakajaribu mara nyingi. Kuchomoa mkono alikujua upesi. Sauti ndiyo iliyomshinda, ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, mpaka Tabia akamwonyesha, na majirani wawili wakachungulia ukutani kuuliza kuna nini.

Alhamisi alasiri Kitwana aliichukua kofia kwa dobi. Safari hii alipita mtaa wa maduka, furushi kifuani, na bakora ameiacha nyumbani. Alitembea akitazama. Kwa hiyo alimwona Bwanausi mapema, amesimama kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili, anamsubiri yeye.

Kitwana aligeuka, akavuka upande wa pili, penye baraza la duka ambapo wanawake walikuwa wakinunua mchele. Bwanausi akatoka mbio, akamkuta hatua chache kabla ya baraza, akamkamata mkono wa kushoto. "Leo hakuna Bi Mwaija," akasema huku akisaga meno.

Mkono wa pili wa Kitwana ulitaka kukunja ngumi, tena uliitaka sana pua ile. Lakini alikumbuka sabuni ya mama yake. Akauzungusha mkono kwenye dole gumba, akavuta. Ukachomoka. Akakimbia, na sauti ikamtoka kifuani, nzito, hata mwenyewe akashangaa:

"Bwanausi ananinyang'anya! Bwanausi, mwana wa Bi Dija! Bi Dija weee, mwanao ananinyang'anya!"

Mtaa mzima ukageuka. Bwanausi alisimama palepale, mguu mmoja mbele, akatazama kushoto na kulia. Alikuwa ametajwa. Na kana kwamba hilo halitoshi, kutoka katikati ya wale wanawake wa barazani akainuka mmoja mnene, kikapu cha mchele kichwani. Alikuwa Bi Dija mwenyewe, ambaye siku ile alikuwa ameitwa kusaidia mapishi ya harusi ya Haji, na mchele ule ulikuwa wa harusi.

"Nani kataja jina langu?" akauliza.

Kitwana alikuwa tayari yuko juu ya baraza, nyuma ya mgongo wa mwenye duka, anahema. Bi Dija alimtazama mwanawe, akatazama furushi, akatazama bendeji juu ya jicho la Kitwana.

"Kumbe ni wewe!" akasema, na macho yakamlengalenga. "Nyumba ninayokwenda kupika, wewe ndiye unayeitia damu? Tangulia nyumbani, Bwanausi. Tangulia, nitakukuta."

Yule jabali wa makumbini alitangulia, shingo imezama mabegani.

Ijumaa Haji aliozwa. Alivaa kofia aliyoshonewa na dada yake, imesimama wima, imefukizwa udi mpaka harufu ya tope ikasahaulika, na lile doa likajificha ndani ya ukingo. Uani Bwanausi alikuwa akibeba maji ya masufuria ya pilau, ndoo baada ya ndoo, na mama yake amesimama pale na mwiko. Asubuhi alikuwa ameletwa kumwomba radhi Bi Mwanamkasi, akaomba, tena kwa sauti ya kusikika. Vitu vya watoto vilivyobaki alivirudisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Njia ya makumbini ikapitika tangu siku ile.

Lakini watoto ni watoto. Uwanja wa kirumbizi ulipoandaliwa mbele ya nyumba, wenzake wa shule wakaanza kumchokoza Kitwana. "Huyo bingwa? Jana kakimbia kama kuku! Mwoga! Mwoga!"

Kitwana aliona haya, akatazama chini. Fundi Mwinyijuma, aliyekuwa akikaza ngozi ya ngoma, akaacha kukaza.

"Ni kweli kakimbia," akasema. "Na mimi ndiye niliyemfundisha. Jumatano alisimama kishujaa, mama yake akalia. Jana alikimbia. Hebu nyamazeni kidogo, msikilize ndani ya nyumba hii."

Wakanyamaza. Ndani wanawake walikuwa wakimwimbia bibi harusi, na sauti ya Bi Mwanamkasi ilizishinda zote. Kikapanda kigelegele, kikadakwa na kingine, kisha kicheko cha nyumba nzima kikamwagika mpaka barabarani.

"Mnasikia kilio?" Fundi akauliza.

"Hatusikii, Fundi."

"Ndiyo maana wazee wakasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Fimbo yetu hii ni ya furaha, wanangu, na mahali pake ni hapa, penye ngoma na heshima. Barabarani hakuna ngoma. Kule hodari ni yule anayerudi kwa mama yake na macho yake mawili. Mkipatwa na mtu mbaya, wahini penye watu, mtajeni jina, kimbieni, kisha mje mtuambie sisi wakubwa. Kumrudi mtu kama huyo ni kazi yetu, si yenu."

Akamtupia Kitwana bakora. Kitwana akaidaka.

Zumari likalia. Kitwana akaingia uwanjani, akainama, akagonga fimbo chini, akaiinua na kungoja. Mbele yake mwenzake naye akainama, akagonga. Ngoma ikaanza.